Nyusi za Okalena

Okalena Wassillie alikuwa mpishi wa shule, na hadi leo ni mpishi wa shule. Msije mkadhani mambo ya mahakama yalimtoa jikoni! Kijiji chetu cha mto Kuskokwim hakijawahi kuwa na wakili. Mawakili wako mji wa Bethel, nako hakufikiki ila kwa ndege, na ndege huruka ukungu ukipenda. Kwa hiyo jimbo letu la Alaska liliporuhusu watu wa kawaida wafunzwe sheria na kuwasimamia wenzao kwenye kesi, Okalena akajiandikisha. Mumewe akacheka hadi akakaa chini.

"Wewe? Wewe unayeona haya hata kumwita muuza duka?"

Haya alikuwa nayo kweli. Siku ya kwanza ya masomo kwa simu, mwalimu alimwuliza kama anasikika vizuri. Okalena akainua nyusi. Mwalimu akarudia, naye akaziinua zaidi. Mwalimu akadhani laini imekufa, akakata. Kwetu nyusi zikipanda umeshajibu ndiyo, maneno ya nini tena? Aibu aliyoipata siku ile, we acha tu. Lakini alikaza roho, akafaulu.

Ndipo ikaja kesi ya bibi Balassia. Mjukuu wake Anuska, wa miaka minne, alikuwa anaishi naye tangu mama yake apelekwe hospitali Anchorage kwa matibabu marefu. Watu wa ustawi wa jamii walitaka mtoto akalelewe huko mjini na familia asiyoijua, maana bibi ni mzee na hana mtu mzima mwingine nyumbani. Bibi akaacha kula. Kila akimsuka mtoto nywele, machozi yanamtoka.

Okalena akakubali kumsimamia, akamfundisha bibi kwenye chumba cha mvuke, wanawake wote wakiwa wanaoga.

"Jaji akikuuliza, jibu kwa mdomo, bibi."

Balassia akainua nyusi.

"Kwa mdomo!"

"Mdomo wangu ni wa kulia samaki," bibi akasema, akimwagia maji mawe ya moto. "Kwani huyo jaji hana macho?"

"Atakuwa kwenye simu."

"Basi aje hapa anywe chai, aone mwenyewe!"

Wanawake walicheka, wakapaliwa na mvuke.

Kesi ikasikilizwa jikoni shuleni, sufuria zimeshaoshwa, simu iko mezani. Anuska alikaa chini ya meza akitafuna samaki mkavu. Jaji alikuwa mama mwenye sauti ya upole.

"Bibi, unataka kuendelea kumlea mjukuu wako?"

Nyusi za Balassia zikapanda. Mafunzo yote yamekwenda na maji!

"Mheshimiwa," Okalena akasema, "naomba iandikwe kwamba ameinua nyusi. Kwetu hiyo ni ndiyo."

"Sawa. Na ukiugua, bibi, nani atakusaidia kumtunza?"

Hapo ndipo kesi yote ilipoegemea, na Okalena alijua. Walikuwa wamekubaliana bibi amtaje binamu yake wa ng'ambo ya mto. Bibi akamtazama Okalena, akanyoosha kidevu kumwelekea yeye.

Okalena akasogelea simu. "Mheshimiwa... amenionyesha mimi."

"Hilo sikulitarajia. Na wewe unakubali?"

Okalena akainama kidogo, akaona vidole vidogo vyenye mafuta vimeshika upindo wa aproni yake. Moyo ukamjaa. Akainua nyusi, zote mbili, juu kabisa.

Jaji akaita kwenye simu.

"Haloo? Mwakilishi? Mmepotea?"

Balassia akapiga meza kofi. "Amesema ndiyo!" akaifokea simu. "Nyusi zimefika kwenye nywele! Na huyu ndiye niliyeambiwa anajua kusema!"

Jaji alicheka, akaomba radhi kwa kucheka, kisha akatamka: mtoto abaki kwa bibi yake, na Okalena aandikwe msaidizi.

Simu ilipokatwa, Okalena alijifuta uso kwa aproni. "Bibi, mbona hukuniuliza kabla?"

"Nyumbani ungefikiria," Balassia akasema. "Mbele ya jaji ungekimbilia wapi?"

Anuska akatokeza kichwa chini ya meza. "Tunarudi nyumbani?"

Wanawake wawili wakainua nyusi kwa pamoja, na mtoto akakimbia kutafuta viatu vyake.