Swali Moja la Kitongoji

Nilirudi kutoka semina ya siku mbili Mbinga mjini nikiwa na fulana nyeupe, mkoba na jukumu zito: kuhakikisha umaskini wa dunia unaingia kwenye midahalo ya uchaguzi. Dunia nzima, si kata yetu ya Ukata peke yake. Bodaboda aliyenileta hakujua amempakia nani, nami nilimhurumia.

Mwaka huo wagombea watatu wa udiwani walikubali kukaa meza moja katika ukumbi wa parokia, na kila kitongoji kikapewa swali moja. La kwetu tulilipanga kwenye sengu, kikao chetu sisi Wamatengo cha kula pamoja na kusemezana. Lilikuwa fupi: lini tutajengewa daraja la mto ulio kati yetu na zahanati? Mvua zikikolea, gogo tunalovukia huzama, na shangazi yangu aliyenilea, mwenye presha, hukaa hata wiki mbili bila dawa. Waliniteua mimi niulize kwa sababu ni mwalimu na Kiswahili changu kimenyooka. Wengi wetu huwaza kwa Kimatengo kwanza, na mbele ya kipaza sauti maneno huwaponyoka. Mimi hayaniponyoki kamwe, na hiyo ndiyo kasoro yangu.

Siku ya mdahalo nilivaa fulana ile juu ya sweta, maana baridi yetu haijali kampeni. Nikasimama. Daraja lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, lakini ghafla nikaliona dogo mno kwa mtu aliyetoka semina. Nikauliza, "Waheshimiwa wagombea, mna mkakati gani wa kutokomeza umaskini duniani?"

Wagombea walifurahi kama watu waliosamehewa kodi. Wa kwanza alisema umaskini ni adui. Wa pili alisema ni adui mkubwa. Wa tatu aliwaunga mkono wote wawili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu kampeni zianze. Muda wetu ukaisha bila mtu kuahidi hata ubao mmoja. Nilipigiwa makofi, na naona aibu kusema kwamba niliinama kushukuru.

Mkufunzi wetu wa semina hakuwa na kosa. Alituambia tuanze na umaskini tunaoujua, ndipo tuonyeshe unavyofanana na wa mbali. Mimi nilianza na wa mbali na nikaishia hukohuko.

Nje nilimkuta shangazi, nikamwamkia huku nikisubiri pongezi.

"Marahaba, baba. Umeuliza vizuri," alisema. "Huo umaskini wa dunia, ukitaka kwenda zahanati unavukia wapi?"

Nilicheka peke yangu.

Desemba, diwani akiwa ameshachaguliwa, mvua zilikolea na gogo likazama. Siku ya dawa za shangazi nilichukua kadi yake ya zahanati, nikavua viatu na kuingia mtoni, nikijiona mwanamume. Maji yaliponifika kifuani nilirudi, kadi nikiwa nimeiuma kwa meno. Shangazi alikuwa amesimama ukingoni, miguu imemvimba. Niliogopa kumtazama.

"Nisamehe, shangazi," nilisema.

Alichukua kadi, akaifuta kwa khanga. "Huyo diwani akija kutushukuru kwa kura, nitauliza mwenyewe, kwa Kimatengo," alisema. "Wewe utatafsiri. Na usiongeze kitu."