Albamu ya Phineas Iliyozinduliwa Matangani

Phineas Kimutai alikuwa dereva wa basi la shule huko Germantown, Amerika. Klarineti alijifunza Kenya, kwenye bendi ya polisi. Alipofika huko akaongeza saksafoni, na kwa miaka mingi akapiga harusini, katika bendi za watu wengine, jazi ya swing, ile ya kuchezesha watu. Mwaka 2006 akasema basi, sasa kiongozi wa bendi ni yeye. Akaita wenzake, wakarekodi albamu yake ya kwanza nyumbani kwake, huku mkewe Chelagat, nesi wa zamu ya usiku, akilala mchana na pamba masikioni.

Tangazo la uzinduzi alilitengeneza mwenyewe. Pichani alikuwa na suti nyeusi, amefumba macho, klarineti imelala kifuani. Albamu aliipa jina la "Kwaherini", akiwaaga wenye bendi aliowapigia zamani. Chini akaandika "Phineas Kimutai, 1981–2006", yaani tangu aanze kupiga muziki hadi leo. Akawatumia Wakenya wote aliowajua kwa barua pepe: karibuni ukumbi wa kanisa, Jumamosi.

Wakaja wengi mno. Chelagat alipoingia, alikuta akina mama wamejifunga leso kiunoni wanapanga sufuria. Ghati, aliyefanya naye kazi hospitalini, akamkumbatia.

"Pole sana, dada. Alianza kuugua lini?"

"Nani?"

"Phineas."

"Phineas hajaugua!"

"Uuuwi, kumbe ilikuwa ghafla!"

Nyuma ya pazia, Phineas na bendi yake walisikia kwaya ikiimba polepole. Akaguswa moyo, akafikiri wamemwandalia sala ya kufungulia. Kisha Mchungaji Gitau akashika maikrofoni.

"Wapendwa, ndugu yetu ametutangulia."

Phineas akadhani anakaribishwa. Akatoka mbio akipuliza, ngoma zikimfuata.

Watu walipiga mayowe. Wengine waliingia chini ya meza, mzee mmoja akatoka nje na sufuria ya pilau. Mchungaji peke yake ndiye aliyebaki amesimama.

"Kimutai, uko hai?"

"Niko hai, Mchungaji. Nazindua albamu."

"Mbona hukusema?"

"Nilituma tangazo!"

"Tuliliona. Ndiyo maana tuko hapa."

Mchungaji akanong'onezana na wazee. Watu walikuwa wametoka mbali, hata Upper Marlboro, na hotuba zao wamezifanyia mazoezi. "Keti hapo mbele," akamwambia Phineas. "Tutamaliza upesi."

Phineas akaketi, akasikiliza maisha yake. Wakamsifu kwa uvumilivu wake na watoto wa basi, na kwa kuwaazima watu koleo la theluji. Muziki haukutajwa, ila jirani mmoja alianza, "Angalau sasa mtaa utatulia," akagongana macho na Phineas, akakohoa. Phineas alikuwa amekasirika, lakini kufika hotuba ya tatu alikuwa analia kwa kwikwi, na Ghati akampa kitambaa.

Chelagat alipopewa nafasi alisema tu, "Mume wangu ni mzima na chakula kinapoa."

Ndipo bendi ikapiga. Waombolezaji walicheza na nguo zao nyeusi, na mama aliyelia kuliko wote akadai wimbo wa kwanza urudiwe. CD zikaisha.

Wiki nzima simu za pole ziliendelea kuingia nyumbani. Phineas alizipokea mwenyewe. "Asante sana," alikuwa akisema, "tunaendelea vizuri."