Muhuri wa Zambarau Juu ya Bahasha

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mdomo usio na breki. Shule niliiachia darasa la sita. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia mandazi na kamusi iliyong'oka jalada. Ndiyo maana kwa mjomba wangu, fundi mwashi wa huku Gongoni, mimi ndiye niliyekuwa macho. Yeye alijua mawe, saruji na timazi. Karatasi zote zilipitia kwangu. Mtu akimwambia atafute karani, mimi nawaka: karani wa nini, na mimi nipo?

Mwaka huo serikali ikabadilisha sheria ya tenda, zile zabuni za kazi zake. Zamani ilikuwa hivi. Barabara yetu inakatwa na maji, watu wanaomba kalvati, yale mabomba makubwa ya kupitisha maji chini ya barabara. Tenda inatangazwa, bahasha za waombaji zinalala sandukuni wiki juu ya wiki, zinapelekwa Mombasa, kisha Nairobi, zinarudi ati kuna karatasi imekosekana. Masika mengine hayo yanaingia, na malori ya chumvi yamekwama foleni.

Na kwa vile bahasha zilikaa sana, sisi wa huku hatukuziamini. Kila fundi alipiga muhuri wake pale kwenye gundi, nusu juu ya kifuniko, nusu chini, ili mtu akiifungua kisirisiri ijulikane. Asiyekuwa na muhuri aliweka dole gumba. Hivyo ndivyo tulivyofanya, na hakuna aliyetukataza.

Sheria mpya ilisema bahasha zifunguliwe siku moja, mbele ya wote, mshindi atajwe pale pale na aanze kazi kabla mwezi haujaisha. Niliisifu mkahawani mpaka nikaambiwa, "Ebo! Hebu tuache tunywe chai."

Mjomba akaomba tenda ya kalvati tatu za barabara yetu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuomba kwa jina lake. Miaka yote alikuwa kibarua wa makontrakta wa kutoka mbali. Mafundi wanne walikataa kazi ya mashamba ya chumvi wakimngojea yeye. Fomu nilijaza mimi. Bahasha niliifunga mimi. Muhuri niligonga mimi, wino wa zambarau, nikaupuliza ukakauka vizuri. Tukaenda Kilifi, tukaitumbukiza sandukuni, tukalala kwa jamaa.

Asubuhi tulikuwa kwenye benchi nje ya ofisi, sanduku litafunguliwa saa nne. Mjomba amevaa kanzu iliyopigwa pasi, anataniana na wenzake. Mzee mmoja, kontrakta wa upande wa Vipingo, akanipa karatasi za masharti.

"Mwanangu, hebu nisomee. Macho yangu haya ya kuonea chakula tu."

Nikasoma kwa sauti kama mtangazaji wa redio, nikitafsiri. Nikafika sharti la tano: bahasha iwe tupu kwa nje, isiwe na jina, muhuri wala alama yoyote. Yenye alama haitafunguliwa.

Nikaurudia mstari ule kwa macho.

"Mbona umekatika?" mzee akauliza. "Betri zimekwisha?"

Lile sharti nililiona nyumbani. Nililiona neno bahasha, nikaliruka. Mambo ya bahasha nani wa kunifundisha mimi?

Nilimtazama Mjomba akicheka, nikashindwa kumwambia. Nikaenda kwa askari mlangoni.

"Afande, shikamoo. Naomba bahasha yetu nibadilishe. Dakika moja tu."

"Sanduku lina kufuli."

"Si lifunguliwe!"

"Wewe, unataka kuvunja sanduku la serikali? Kwenu hawakupendi?"

"Nani amesema kuvunja? Mimi nimesema kuvunja?" Sauti yangu ilishapanda. Benchi zima likageuka. Ndani, karibu na dirisha, mtu mwenye miwani myeusi aliyekuwa akisoma gazeti akalishusha, akanitazama. Siku zile za makachero mtu hakupiga kelele ofisi ya serikali akarudi kwao kula.

Mjomba akanishika mkono. "Una nini?"

"Kiu," nikasema. Ndilo neno lililotoka.

"Basi si ukanywe maji? Unagombana na askari kwa kiu?"

Saa nne tukaingizwa. Afisa akafungua kufuli, akazimwaga bahasha mezani. Zote za kaki, zote tupu ila moja. Yetu niliiona kabla haijatulia, duara la zambarau kama jeraha. Akaiinua kwa vidole viwili.

"Hii ina alama. Haifunguliwi." Akaiweka kando, akachukua nyingine.

Basi. Hata pumzi mbili hazikupita. Zamani wangetuandikia barua, tungejibu, tungebembeleza. Sheria niliyoisifu ilikuwa na mbio kweli.

Mjomba akasimama taratibu. "Bwana afisa, huo ni muhuri wangu. Nilikosea."

"Si yeye!" Nilikuwa nimesimama sijui saa ngapi. "Ni mimi! Yeye hajui kusoma, mimi ndiye niliye..."

"Kaa chini," Mjomba akasema bila kugeuka.

Lile neno hajui kusoma lilibaki hewani mbele ya makontrakta wote. Mtu wa miwani aliandika kitu pembeni mwa gazeti lake. Nilikaa, nikingoja nishikwe bega. Hakuna aliyenishika. Tenda ikaenda kwa kijana mmoja wa bara.

Kwa wiki kadhaa kila gari lililosimama karibu na kwetu nilidhani limenifuata mimi. Lakini hofu kubwa haikuwa hiyo. Mjomba hakunitukana. Nami nilikuwa nangoja hata kofi.

Kabla ya mwezi kwisha, malori ya mawe yalifika. Kijana wa bara alitafuta mafundi, na Mjomba akaenda na wale wanne, kibarua tena. Kalvati zilikamilika kabla ya masika, na ni nzuri, siwezi kusema uongo.

Kisha ikatangazwa tenda ya zahanati. Nikaiona fomu mfukoni mwa Mjomba, nikangoja anipe. Jioni akaja mwalimu wa shule ya msingi, akakaribishwa kiti, Mjomba akamkabidhi yeye fomu. Nikainuka nitoke.

"Unakwenda wapi?" Mjomba akauliza.

"Nje."

"Kaa hapa usikilize."

Mwalimu akaanza sharti la kwanza, polepole, kama anasomea watoto. Alikosea neno moja la Kiingereza. Nililijua. Nikafumba mdomo, nikasikiliza mpaka ukurasa wa mwisho.