Mashine ya Babu Iliyogoma Mlimani

Juzi nilikwenda Sumbawanga kwenye msiba, na pikipiki iliyonibeba ikazima ghafla pale Majengo. Kijana dereva akachomoa plagi, akaiegesha kwenye chuma, akapiga kiki atazame kama inatoa moto. "Mama, sogea kidogo, utapigwa shoti," akaniambia. Sikusogea. Niliinama nikatazama naye. Basi, mwenzangu, nikajikuta nalia barabarani mchana kweupe, watu wananikodolea macho. Kijana wa watu akadhani nimemkumbuka marehemu. Ni kweli, nilimkumbuka marehemu, ila si yule wa siku ile.

Sisi kwetu Wampembe, kule ziwani. Baba alipofariki, mama alinichukua tukapanda mlima, akapanga chumba Majengo. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu mfanyabiashara. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakaanza kujaa redio, kandambili na manukato. Mama akaingia kwenye mitumba. Alfajiri ameshaondoka, na akifuata mzigo Tunduma hulala huko huko, mimi naachiwa jirani ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kunichunga nisile sukari yake. Shuleni waliniita wa ziwani, wakinipita wanaziba pua eti nanuka migebuka, samaki wa kwetu. Nikazoea kukaa uani peke yangu nikiongea na kuku. Kuku walinisikiliza vizuri tu, lakini acha, upweke wa mtoto ni mbaya.

Kisha bibi akafa kule Wampembe, na mama akaamua kumpandisha babu, baba yake mzazi. Babu alikuja juu ya lori la dagaa, amekumbatia mashine yake ya boti, ile ndogo ya kuvuta kamba, kaifunga kwenye mkeka. Ilikuwa nzee kuliko mama.

"Baba, mashine huku ya nini? Utavulia mahindi?" mama akamtania.

"Siwezi kuiachia wezi," babu akajibu.

Kesho yake aliitumbukiza kwenye pipa la maji uani ili aisikie ikinguruma. Akavuta kamba, kimya. Akavuta tena mpaka akahema. Ziwani ilikuwa haijawahi kumfanyia hivyo. Mama, aliyeiona kama chuma chakavu, akamwambia, "Utakaa hapa nikuangalie. Ukirudi kule bila mashine utakula nini? Siku ikiwaka, sikuzuii." Babu akashika neno hilo. Na mimi nililisikia, nikaomba Mungu isiwake.

Maana tangu alipofika nilikuwa na mtu. Nikitoka shule namkuta ananingoja, mashine iko juu ya gogo, blanketi liko begani. Alikuwa ananiita bibi, kwa kuwa nilirithi jina la mkewe. Jicho lake moja lilikuwa na ukungu, la pili linafuatia, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuingia chini ya blanketi, kwenye giza, nitazame kama plagi inatoa moto huku yeye anavuta kamba. "Vipi, bibi?" "Bado, babu." Basi tunapumzika, tunakula mahindi ya kuchoma, ananisimulia mawimbi ya Wampembe.

Alikuwa na utaratibu wake, hapapariki. "Mashine ni kama mkwe," alikuwa akisema. "Ikinuna usiipigie kelele, uliza kwanza umeikosea nini." Tuliuliza, weee! Tulisugua plagi kwa brashi ya waya. Mama akanunua nyingine dukani, mpya, inang'aa, na bado. Tukabadilisha waya wake. Mwisho babu akafika kwenye platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ndani ya gurudumu la sumaku, ambako moto unaanzia. Nati ya gurudumu ilikataa kufunguka, kwa hiyo alikuwa anapenyeza msasa kupitia tundu dogo, anasugua kwa kupapasa, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Msasa ulitoka mwekundu. "Kutu hiyo," akasema, na mimi nikaona kutu.

Baridi ya Ufipa mwezi wa saba unaijua? Upepo unapita kwenye sweta kama hujavaa kitu. Asubuhi moja nilikuwa naunga maharage, nikainamisha chupa ya mawese, hayatoki. Yameganda. Nikaiweka karibu na jiko, na nilipokuwa nangoja yayeyuke nikaona ule wekundu kwenye kioo cha chupa. Nikaukumbuka msasa. Sisi watu wa ziwani tunapaka mawese kila chuma, visu, kufuli, misumari, hewa ya maji isikile. Kule joto haliyaachi yagande. Ina maana babu, alipokuwa anaifunga mashine yake kwa safari, aliipaka mpaka ndani kupitia lile tundu dogo, na ilipofika mlimani mafuta yakaganda, yakalala katikati ya platini, yakazitenganisha.

Nilikaa pale jikoni maharage yakaanza kuungua. Nilijua kabisa, nikisema, babu anaondoka, na nisiposema nitabaki naye. Alikuwa uani amejikunyata juani, mikono kwapani, anatazama upande wa kwao ambako huwezi kuona kitu isipokuwa mashamba. Roho ikaniuma. Nikatoka nikamwambia, "Babu, ile siyo kutu. Ni mawese, yamelala."

Alinusa vidole vyake, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Ala! Kumbe nimeizima mwenyewe!"

Tukaianika mpaka jua likawa kali, akapenyeza kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha kikavu, akarudia mpaka kikatoka cheupe. Nikaingia chini ya blanketi. Akavuta. Cheche ya buluu ikaruka, kali, ikatoa mlio mdogo. Akavuta tena, ikaruka tena. Mimi kimya. Hakuniuliza. Alishusha kamba, akachuchumaa karibu yangu.

"Nimeisikia, bibi," akasema taratibu. "Ila nataka uniambie wewe."

Kumbe masikio yake yalitosha tangu siku ya kwanza. Hakunihitaji chini ya blanketi hata kidogo. Alikuwa ameona tu mtoto anaongea na kuku.

"Naiona, babu," nikasema.

Mashine ilinguruma pipani, maji yakaruka ua mzima, jirani akatoka anatukana, babu anacheza. Mama aliporudi alisimama mlangoni na mzigo wake kichwani, akasema, "Haya, baba. Nilisema sikuzuii." Lakini usiku hakula.

Likizo nilimfuata Wampembe. Nilimkuta ufukweni katikati ya wenzake, anatania, anatukanwa, anacheka kwa sauti ambayo kule mlimani sikuwahi kuisikia. Majengo alikuwa anaongea polepole kama mgeni, na mimi nilidhani ndivyo alivyo. Ndipo nilipojua kwamba pale uani, kati yetu wawili, mpweke zaidi hakuwa mimi.

Aliishi huko mpaka alipozikwa huko. Mama naye ametangulia. Chumba chetu sasa ni duka la simu, na Wampembe wavuvi wana mashine mpya ambazo hakuna mtoto anayeingia chini ya blanketi kuzitazama. Wakati mwingine, baridi ikikaza na nyumba yangu iko kimya, najiambia ningenyamaza tu asubuhi ile, angekaa nami hata mwaka mmoja zaidi. Nautaka mwaka huo, sikufichi. Halafu namwona amejikunyata pale juani, mikono kwapani, na natoka tena jikoni kwenda kumwambia.