Gari chukueni, kiti narudi nacho Jeddah

Leo timu imenitema, jamani, halafu ikataka niwaachie na kiti!

Mie naendesha mbio za vijana, zile gari za mtu mmoja. Asubuhi nilikuwa karakana ya timu, Riyadh. Bosi kanambia: halas Salma, basi tena, mbio zijazo gari yako anaendesha mwengine.

Sawa. Msimu huu kila mtu anahamahama, mie si wa kwanza.

Dereva mpya akaingia kwenye gari ajaribu.

Weee! Mabega juu, magoti yamekwama kwenye usukani.

Maana kiti cha gari hizi hakiuzwi dukani. Unakalia mfuko wa povu la moto mpaka ligande, kinatoka na umbo la mgongo wako. Kile ni mie mtupu, hadi bega la kushoto nililovunja utotoni mtaani kwetu Ghulail, Jeddah.

Bosi akasema, "Tuachie tu, tutakichonga kidogo."

Mnichonge mie?

Nikamwambia dereva mpya, "Toka kaka'angu." Nikakichomoa mbele yao wote, nikakipakata kama mwana. Na yeye akalie povu, limuunguze makalio kama lilivyoniunguza mie.

Sasa nipo kwenye basi narudi nyumbani. Kiti nimekiweka dirishani, nimekifunga na mkanda. Abiria wananikodolea macho, na wakodoe!

Nyie mngekiacha? Semeni kweli.

Na timu yoyote yenye gari isiyo na dereva, niiteni. Kiti ninacho.