Mbegu za Kibuyuni

Harufu ya maharagwe yanayochemka imenisimamisha leo mbele ya kibanda kimoja hapa Nchiru, mzigo wangu ukiwa begani. Niliagiza sahani ya githeri, mahindi na maharagwe, nikaketi kati ya wanafunzi wa chuo, nikashindwa kuila.

Kwetu Kanja, kila Jumatatu tulipeleka shuleni kikombe cha maharagwe, viwili vya mahindi na ukuni mmoja. Vyote vilipikwa pamoja, na asiyeleta alisikiliza vijiko vya wenzake. Mwaka mmoja mvua ilikuwa imetukosa mara mbili. Nilikuwa nimesikiliza vijiko majuma matatu, na darasa zima lilikuwa limeanza kuniita Mkaguzi, kwa kuwa nilikagua sahani za watu bila kula.

Jikoni mwetu, juu ya meko, kilining'inia kibuyu cha mbegu. Yalikuwa maharagwe madogo ya rangi ya maziwa, yenye doa jekundu kando ya jicho, yaliyochanganywa na majivu wadudu wasiyatoboe. Mama alipewa na mama yake alipoolewa. Asubuhi moja, mama akiwa mtoni, niliyamimina yote kwenye mfuko, nikajaza kibuyu kokoto. Kikombe kimoja kingetosha, lakini nilitaka Mkaguzi asahaulike kabisa.

Mpishi wetu, Mama Wanja, aliyafuta majivu kwa kidole.

"Haya ni ya kupanda, mwanangu. Mama amesema ulete?"

"Amesema."

Siku hiyo nililamba sahani. Wenzangu wakasema Mkaguzi amepandishwa cheo.

Mvua ilikuja majuma mawili baadaye. Mama alichimba mashimo shamba zima, kisha akakiinamisha kibuyu juu ya kiganja. Zikaanguka kokoto. Nilingoja kiboko.

"Yalikuwa matamu?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, sana. Nikafurahi kwamba sikuchapwa.

Mashimo yalijaa maji, halafu magugu. Mama alilima mashamba ya watu hadi mgongo ukakataa kunyooka, na mbegu ile hatukuipata tena. Tangu tumzike nimezunguka masoko, Embu hadi Meru, nikiinamia magunia. Sijaiona.

Kwa miaka mingi nilidhani alinikejeli kwa swali lile. Nilikuwa mtu mzima nilipokumbuka kwamba msimu ule wote mama alichemsha maji matupu chini ya kibuyu kile, akayanywa, na hakukigusa. Hakunikejeli. Alikuwa na njaa, na alitaka kujua.