Mishumaa Niliyomzimia Mkwe

Wewe unayenisikiliza, vuta kigoda nikwambie yaliyonipata Ijumaa hapa Nyasubi. Binti yangu Milembe alimleta mumewe kwangu kwa mara ya kwanza. Ni Myahudi kutoka Uganda, na Milembe naye sasa anafuata dini hiyo. Nilitamani sana kijana ajisikie yuko kwao.

Sheria ya dini yake haimruhusu kumshika mkono mama mkwe. Nikafurahi, maana hata sisi Wasukuma mkwe huheshimiwa kwa mbali. Nikamweleza jirani yangu, Mama Kulwa, taratibu kama mwalimu: "Hawa ni kama sisi tu."

Jioni umeme ukakatika. Kabla jua halijazama, Milembe akawasha mishumaa miwili mezani, akafunika macho kwa viganja, akasali. Nikadhani anaombea umeme. Giza lilipoingia, ukarudi kweli!

"Amina!" nikasema, nikaipuliza yote miwili isiishe bure.

"Mama!" Milembe akashika kichwa. "Hiyo ni ya Sabato! Ikishawashwa haizimwi, na sisi haturuhusiwi kuiwasha tena mpaka kesho jua lizame."

Kwa hofu nikamrukia mkwe, nikamkamata mikono yote miwili. "Nisamehe, baba!"

Akaganda kama nguzo, huku anajizuia kucheka. Mama Kulwa, aliyekuja kusalimia wageni, hakujizuia. Alicheka pale mlangoni mpaka kanga ikamdondoka.

"Mwalimu, huko ndiko kwa mbali?"

Basi ukikuta mishumaa miwili kwa mkwe wa namna hii Ijumaa jioni, kalia mikono yako, uiache iishe yenyewe.